Korseti ya Ruracio

*Majirani wa Ploti, Umoja*

Mama Baraka: Jamani nisaidieni kabla sijaitupa hii korseti ya kitenge. Ruracio, ile sherehe ya mahari, ya mdogo wangu ni Jumamosi. Nimeijaribu, nimeketi tu, mfupa wa kuisimamisha ukatoboa kitambaa hapa kwapani 😭

Fundi Rukia: Pole mama. Mifupa uliweka ya nini?

Mama Baraka: Zile kamba za plastiki za kufungia nyaya, zile pana.

Fundi Rukia: Hizo sawa, hata mimi huzitumia. Ncha ulizichoma?

Mama Baraka: Kuchoma aje?

Fundi Rukia: Ehe, ndio hapo. Ukikata kwa mkasi, ncha inabaki kali kama kisu. Ikate mviringo, ipitishe kwa mshumaa ilainike, ikipoa piga msasa. Na mfupa uwe mfupi kuliko njia yake. Ukiujaza mpaka mwisho, ukiketi lazima utafute pa kutokea.

Baba Shiru: Kumbe mifupa ni plastiki

Kevo: Zamani Ulaya ilikuwa ya nyangumi. Na hata si mfupa, ni zile bamba za mdomoni anazochujia chakula.

Baba Shiru: Sasa Umoja nyangumi tumtoe wapi 😂

Shosh: Bitana ni gani?

Mama Baraka: Satini, Shosh.

Shosh: Satini ni ya urembo tu. Katikati weka amerikani ngumu, hiyo ndiyo ibebe kazi. Kitenge peke yake huvutika, kabla mbuzi hajaiva kiuno kimerudi.

Fundi Rukia: Na ndani, pale kiunoni, zungushia utepe usiovutika.

Mama Baraka: Sawa. Lakini pia nikifunga kamba, pande zinakutana mgongoni na bado hainibani.

Fundi Rukia: Kiuno chako ngapi, na ulikata ngapi?

Mama Baraka: 32. Nikakata 32.

Fundi Rukia: 🤦🏾‍♀️ Hiyo ni blauzi mama. Ukitaka ikubane inchi 2, hiyo ni 30. Toa 2 zingine za pengo la mgongoni, kitambaa kibaki 28. Pande zikishakutana, utakazia wapi? Punguza kidogo kidogo kwa kila mshono, usitoe zote pembeni. Kwani hukukata ya majaribio na shuka kuukuu?

Mama Baraka: Niliona nitachelewa

Mama Baraka: Na sasa stima imepotea!!

Shosh: Cherehani yangu ya miguu haijui tokeni. Panda juu, uje na mshumaa.

*Ijumaa*

Mama Baraka: Fundi wa viatu wa stejini amenipigia vijicho vya chuma vya kupitishia kamba, 12 kila upande. Nimeweka mfupa huku na huku ya vijicho, mgongo haujikunji tena.

Fundi Rukia: Safi! Tuma picha.

Mama Baraka: Nani anipige? Hata kamba za nyuma nimefunga nusu, mikono haifiki.

Mama Shiru: Nakuja.

Mama Baraka: Njoo na kandambili zako za ziada. Viatu vyangu viko chini ya kitanda na kuinama siwezi.