Mafundi mnaokata na kuziba mipira ya injini: hii "huku joto, haina kazi" inatumaliza

Wakuu salaam.

Fungua boneti ya Corolla yoyote ya miaka ya 90 inayozunguka mjini, AE100 au AE110, hizi zenye injini ya 5A-FE. Nyingi utakuta madudu yale yale. Mipira miwili ya hita imekatwa na kuungwa kwa kipande kilichokunjika. Themostati, ile valvu inayofunguka kwa joto kuruhusu maji ya rejeta kuingia kwenye injini, haipo. Feni imefungwa direct, inazunguka muda wote. Vijimpira vya vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) vimezibwa kwa misumari. Muulize fundi, jibu ni moja: "Bosi, hiyo huku kwetu haina kazi. Huku joto."

Haina kazi, nani kakuambia?

Naanza na themostati kwa sababu ndiyo inayoua hedi nyingi, yaani vichwa vya injini. Kwenye hizi injini inakaa upande wa mpira wa chini wa rejeta, pale maji yanaporudi kuingia kwenye injini. Inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na ikifika 95 inatakiwa iwe imenyanyuka milimita 8 au zaidi. Sasa sikiliza hapa: ina sahani ya pili upande wa ndani. Valvu kuu ikifunguka, ile sahani inaziba njia ya mkato, yaani ile inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuionja rejeta. Barabara kuu unaona mshale wa joto uko chini, unamsifu fundi. Ingia kwenye foleni ya Mandela Road saa nane mchana na AC imewashwa, utaona mshale unavyopanda. Kitabu cha ufundi cha Toyota kimeandika wazi: usitoe themostati hata kama injini inachemsha, maana upoozaji unashuka. Toyota wenyewe ndio wanasema hivyo, halafu wewe wa chini ya mwembe unabisha!

Na ile safari ndefu unayoiona "inapoa vizuri" nayo ina bei yake. Injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inaendelea kuamini gari ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, inamwaga petroli. Halafu mwenye gari anakuja kulalamika gari inakula mafuta, anauziwa plagi mpya na nozeli.

Kuipima hakuhitaji mashine. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko taratibu. Ikianza kufunguka kwenye 82 hivi na kufunga vizuri ikipoa, ni nzima. Wakati wa kufunga, kile kikokwa kidogo kinachochezacheza kwenye tundu kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa wakati unajaza maji. Mpira wa kuizunguka uwe mpya. Acheni kupaka silikoni kama siagi, vipande vyake vinakatika na kwenda kukwama kwenye mirija ya rejeta.

Tuje kwenye hita. Mpira mmoja unapeleka maji ya moto kutoka kwenye hedi mpaka rejeta ndogo ndani ya dashibodi, mwingine unayarudisha upande wa pampu. Kipenyo cha ndani ni milimita 16. Rejeta ndogo ikivuja, zulia la abiria wa mbele linalowa na kioo kinapata ukungu wa mafuta mafuta. Hapo sawa, kuikwepa kwa muda kunaruhusiwa. Ila kuna namna ya kukwepa. Usizibe! Nimeona mpira wa hita umechomekwa plagi kuukuu ya cheche na kukazwa kwa waya. Mpira ulioishia kwenye kizibo unabaki na hewa isiyotoka, pampu inasukuma presha pasipo pa kwenda, na siku ukipasuka maji yote yanamwagika kabla hujaona mshale. Unganisha njia ya kwenda na ya kurudi kwa mpira wa umbo la U uliotengenezwa hivyo, au kipande cha bomba la chuma lililokunjwa, na klipu mbili za kukaza kwa bisibisi. Mpira mnyoofu ukiulazimisha kukunja kona kali unajibana katikati, na hiyo ni sawa na kuziba tu.

Hao wanaosema hita ni ya Wazungu waende Njombe mwezi wa saba alfajiri, au Limuru, waendeshe na kioo chenye ukungu. Isitoshe, hita ni rejeta ya akiba. Gari ikianza kuchemsha mlimani, ukifungua hita mpaka mwisho na feni yake namba ya juu, unapunguza joto la kutosha kukufikisha pa kusimama. Fundi akishaikata, huna hiyo nafasi.

Mipira midogo inayoingia chini ya throto (mlango wa hewa ya injini) nayo inakatwa "kwa sababu inavuja". Ile ni mipira ya maji ya kupasha moto valvu ya sailensi, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta. Zile zenye valvu ya nta, nta ikipata maji ya moto inatanuka na kufunga njia ya hewa ya ziada. Ukiikata mipira hiyo, nta haipati joto, haifungi. Sailensi inabaki juu, mizunguko 1500 mpaka 1800 kwa dakika, kutwa nzima. Kisha fundi yule yule anaenda kuzungusha skrubu ya sailensi, anaharibu na hiyo.

Feni ndiyo kichekesho. Swichi yake ya joto kwenye hizi Toyota inafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: ikiwa ya baridi imeunganisha, ikipita nyuzi 93 inakata, ikishuka chini ya 83 inaunganisha tena. Ndiyo maana ukichomoa waya wake na swichi ya gari iko ON, feni inatakiwa kuzunguka. Fundi asiyejua anachomoa waya, anaupeleka kwenye bodi akitegemea feni itawaka, haiwaki, anatangaza relay imekufa. Haijafa. Umeiambia gari kwamba injini ni ya baridi milele.

Sasa vakyumu, hapa ndipo napandwa na hasira zaidi.

5A-FE inapima hewa kwa sensa ya MAP (ya presha ya hewa), kile kiboksi kidogo kilichofungwa kwenye ukuta wa injini, kikiwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Ule mpira ukipasuka au kuchomoka, sensa inasoma presha ya hewa ya nje. Kompyuta inaelewa umekanyaga mpaka mwisho, inamimina petroli. Moshi mweusi, plagi nyeusi, inamisi. Mnabadilisha distributa na kompyuta nzima kwa tatizo la mpira usiozidi sentimita 40. Na mnapourudishia, mnaweka nini? Mpira wa dripu! Ule wa plastiki unaopitisha mwanga! Ukipata joto la injini unalainika, vakyumu inaufyonza unajibana wenyewe, sensa inasoma uongo, gari ikipoa unarudi kawaida. Tatizo la kuja na kuondoka, mwenye gari anachanganyikiwa. Tumia mpira halisi wa vakyumu wenye ukuta mnene, tundu la milimita 3 na nusu hadi 4, ushike wenyewe bila kufungwa waya.

Mpira wa regyuleta ya mafuta (kidhibiti presha ya petroli) uende kwenye manifoldi, si mahali pengine popote. Ukiwa umechomoka, presha kwenye reli ya nozeli ni kPa 265 hadi 304, ukiwa umechomekwa na injini iko sailensi inashuka mpaka 206 hadi 255. Ukiuacha wazi, gari inakula zaidi kwenye sailensi na hewa ya bure inaingia kwenye manifoldi. Ukiuchomoa ukaukuta una harufu ya petroli ndani, diaframu imetoboka, badilisha regyuleta. Usizibe tundu na kuendelea na maisha.

Valvu ya PCV (ya kutoa moshi wa ndani ya injini) juu ya kava la valvu: itikise, isikike ikigonga. Ukiiziba kwa bolti, moshi wa ndani ya injini haupati pa kutokea, presha inasukuma oili kupitia sili za krenki na kijiti cha oili. Ndiyo ile "injini imechoka, inavuja kila mahali". Haijachoka. Umeiziba pumzi.

Mpira mnene wa busta ya breki (ile inayolainisha pedali) una valvu ya njia moja, mshale wake unaelekea kwenye injini. Ukigeuzwa, breki zinakuwa ngumu kama jiwe. Kupima: injini imezimwa, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali igande, ishikilie hapo, washa. Lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, usiondoke gereji.

Utaratibu wa kurudisha kila kitu si siri. Piga picha kabla hujagusa. Bandika masking tepu kwenye kila ncha, andika herufi ile ile upande wa mpira na upande wa bomba. Badilisha mmoja, maliza, ndipo ushike mwingine. Kibandiko cha ramani ya mipira chini ya boneti kimeandikwa Kijapani lakini michoro haina lugha. Klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa bomba, milimita 2 au 3 kutoka mwisho wa mpira. Mpira uwe na nafasi ya kucheza kwa sababu injini inatikisika kwenye maunti, usiguse eksozi wala mkanda. Mpira wowote uliolowa oili mpaka ukavimba na kulegea ni wa kutupa, hauponi.

Kujaza: lita 5 hadi 6 zote, nusu kulanti (dawa ya rejeta) na nusu maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima cha Dar yanakula alumini. Weka koki ya hita kwenye moto, inua pua ya gari kidogo, jaza taratibu huku unaminya mpira wa juu, washa bila kifuniko mpaka mpira wa chini upate joto, ongeza, funga. Kifuniko cha rejeta kiwe cha presha ya bar 0.9 na sili zake nzima. Kwa presha hiyo maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Kifuniko kibovu Mbeya au Nairobi, maji yanachemka kwenye 94 au 95 tu kwa sababu ya mwinuko. Kabla hujafungua hedi, hebu badilisha kifuniko kwanza.

Nawasilisha. Mafundi mliomo humu njooni mjitetee.

________

Spana_Kumi: Mkuu umemaliza karibu yote, ila usitubebeshe lawama zote. Mteja anakuja na elfu kumi anataka gari iondoke leo. Mpira wa hita original wa kona umeadimika, hata Gerezani kwenye maduka ya spea unaambiwa usubiri. Tufanyeje?

Mleta uzi: Kaka, mwambie ukweli na umwandikie kwenye karatasi: "hita imekwepwa kwa muda, mpira haujapatikana". Ninachopinga ni kuondoa kitu kimya kimya na kumwambia hakina kazi. Na mpira wa bustani usiuweke hata kwa muda, ule unayeyuka.

Mzee wa 2L: Ongezea na sisi wa dizeli. Hilux za injini ya 2L na 3L hazina vakyumu ya manifoldi kwa sababu hakuna throto, breki zinategemea pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta. Ile pampu inalainishwa na oili ya injini, kuna mpira wa kuleta na mpira mnene wa kurudisha. Wa kurudisha ukikunjika au ukiwekwa mwembamba, oili inajaa kwenye pampu na kuingia kwenye alteneta. Unauziwa alteneta mbili tatu, kumbe ni mpira.

Mwana Kimara: Swali kwa mleta uzi. Yangu mshale hausogei kabisa, uko chini, lakini maji yanatoka kwenye tanki la akiba yakiwa yanachemka. Fundi anasema geji mbovu.

Mleta uzi: Zima, usiwashe tena mpaka ipoe kabisa, na usifungue kifuniko ikiwa ya moto. Sensa ya geji inasoma maji. Maji yakishuka ikabaki hewani, inasoma chini wakati hedi inaungua. Ikipoa, jaza ukihesabu lita zinazoingia. Zikizidi mbili, tafuta zilikopita kabla hujawasha: mpira wa chini, pampu, maungio ya hita ukutani, na zulia la abiria. Kisha chomoa kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiwashe, ita gari la kuvuta.