Naomba ushauri: kipimo cha kingamwili dhidi ya WT1, seramu za wasio wagonjwa nazo zinawaka

Wakuu, habari za Moshi. Tunapima IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) dhidi ya WT1, protini inayopatikana kwa wingi kwenye seli za lukemia kali ya mailoidi. Inakaa ndani ya seli, kwa hiyo kingamwili hizi hazitarajiwi kuiua saratani. Zinaonyesha tu kwamba kinga imeiona.

Tunatumia ELISA (kipimo kinachoonyesha kingamwili kwa rangi), sahani ya visima 96. Protini maikrogramu 1 kwa mililita kwenye bafa ya kaboneti pH 9.6, maikrolita 100 kila kisima, usiku kucha nyuzi 4. Kuziba nafasi zilizobaki kwa BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 3, saa 2. Seramu iliyozimuliwa 1:100, saa 1. Kuosha mara 5 kwa PBS (bafa ya fosfeti yenye chumvi) yenye sabuni ya Tween-20 asilimia 0.05, halafu kingamwili ya pili (inayoshika IgG), TMB ya kutoa rangi, asidi ya kusimamisha, kusoma nanomita 450.

Seramu za wachangia damu wenye afya zinasoma karibu sawa na za wagonjwa! Visima visivyopakwa protini viko safi, basi kosa si uoshaji. Ninaishuku protini yenyewe: imezalishwa ndani ya bakteria E. coli, na nani hana kingamwili za E. coli? Isitoshe, wanaotoka tambarare zenye malaria huwa na IgG nyingi kwa jumla.

Aliyewahi kuloweka seramu kwenye E. coli iliyopasuliwa ili kuondoa kingamwili zake kabla ya kupima, anisaidie: kiasi gani, muda gani? Au nishuke hadi 1:500 na kuhakiki kwa Western blot (protini hutenganishwa kwa ukubwa kwanza)? Na mgonjwa aliyeongezewa damu mnamsubiri muda gani kabla ya kumpima, maana IgG ya mchangiaji hupungua nusu kwa takriban wiki 3?