Mahindi au mtama kwa kunenepesha wanakondoo? Nimeshapoteza mmoja

Mchungaji_Singida: Wakuu, habari za leo. Nina wanakondoo 14, madume watupu, wameacha kunyonya na wana wastani wa kilo 18. Nataka kuwauza Idd el-Hajj, miezi mitatu ijayo. Juzi usiku walifungua gunia la mahindi bandani. Asubuhi nikakuta mmoja amekufa na mwingine amelala anasaga meno, anaharisha uji wenye harufu ya uchachu. Imeniuma sana. Je, nihamie mtama? Hapa ni bei rahisi.

Mama Mifugo: Pole sana ndugu yangu. Tatizo si mahindi, ni kuyala mengi kwa ghafla: tumbo linajaa tindikali. Huyo mgonjwa mpe nyasi kavu na maji tu, na mwite daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho. Wengine waanze na gramu 100 kwa siku kila mmoja, uongeze gramu 50 kila baada ya siku mbili au tatu hadi gramu 500. Nyasi zisikosekane kamwe. Na usisage unga! Kondoo anatafuna vizuri, mpe mahindi mazima au ya kuparaza. Yenye ukungu tupa.

Kijana wa Ikungi: Mimi natumia mtama mweupe na wananenepa. Ila lazima uparazwe, la sivyo utaziona punje nzima kwenye kinyesi. Mwekundu mara nyingi una ukakasi, na ukiwa nao protini yake hawaifaidi vizuri.

Mchungaji_Singida: Asanteni. Na mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta)? Pia nina kiroba cha chakula cha nguruwe kimebaki.

Mama Mifugo: Cha nguruwe usiwape hata kidogo! Kina shaba nyingi, nayo humwua kondoo polepole kwa kuharibu ini. Mimi kwa kilo 100 nachanganya mahindi 60, pumba 10, mashudu ya alizeti 28, chokaa ya mifugo moja na nusu, chumvi nusu. Chokaa usiiruke kwa madume. Nafaka ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ndiyo maana wanapata vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona dume anajikamua mkojo unatoka matone, umechelewa.

Mchungaji_Singida: Daktari ameshafika, mgonjwa ametengwa. Gunia nimelihamishia ndani ninakolala.