Mjadala: Kambi za barafuni zilizuia vita, au ziliisogeza karibu?

Ramani Kubwa
Wakuu, mfululizo wa historia kuhusu Marekani na Sovieti kule Aktiki umefunga sehemu ya mwisho kwa kudai kwamba rada na nyambizi za kaskazini ndizo zilizozuia vita kuu ya tatu. Hoja yao ni kwamba njia fupi kati ya mataifa yale mawili inapita karibu na ncha ya dunia, kwa hiyo mwenye jicho huko hakuwa na sababu ya kukurupuka. Mimi nakataa. Tarehe 5 Oktoba 1960 rada mpya za Thule, kambi ya anga ya Marekani kule Greenland, zilitoa tahadhari ya makombora, kumbe ni mwezi unachomoza juu ya Norwe. Tarehe 21 Januari 1968 B-52, ndege ya Marekani ya kubeba mabomu, yenye mabomu manne ya haidrojeni, iliyokuwa ikizunguka angani ili kuthibitisha kwamba Thule haijashambuliwa, ikaanguka kilomita chache tu kutoka hapo. Ingeangukia kambi yenyewe, simu zingekatika, na ndege ya kueleza kwa nini zimekatika ingekuwa imeteketea palepale. Makao makuu yangefikiri nini? Camp Century siitaji, ule mji wa jeshi la Marekani chini ya barafu ya Greenland ulijengwa kwa ajili ya kamera tu. Karibuni.

Fundi Mvuke
Kwa ajili ya kamera? Mkuu, hapo umewavunjia heshima watu waliofanya kazi ngumu. Mitaro ya kambi ile ilichimbwa kwa mashine za Uswisi aina ya Peter, zinazosaga theluji na kuirusha pembeni. Ilifunikwa kwa mabati ya migongo yaliyopindwa tao, kisha theluji iliyosagwa ikarudishwa juu yake. Theluji iliyosagwa si sawa na ile iliyodondoka: punje zake ni ndogo, zinagusana sehemu nyingi, na zikikaa zinashikamana hadi tao linajibeba lenyewe. Nyumba za mbao ziliachiwa upenyo wa hewa pande zote, kwa sababu nyumba ikigusa ukuta, joto lake linaula. Maji yalitoka kwenye kisima kilichoyeyushwa kwa mvuke. Kinu cha nyuklia PM-2A kilivutwa kwa vipande juu ya barafu zaidi ya kilomita 200 kutoka Thule, kikawashwa 1960, kikatoa umeme hadi 1963. Kamera haihitaji kinu.

Ramani Kubwa
Kama kazi ilikuwa safi hivyo, mbona kufikia 1967 kambi imeshaachwa?

Fundi Mvuke
Kwa sababu barafu ya Greenland haisimami, inatiririka polepole kuelekea baharini, na uzito wa theluji mpya unabana mitaro kutoka juu na pembeni. Walikuwa wanachonga na kutoa zaidi ya tani 120 za theluji na barafu kila mwezi ili kuta zisikutane. Chumba cha kinu kiliumia zaidi, joto lililegeza dari ikaanza kushuka. Sasa chukua mpango wenyewe uliofichwa nyuma ya ile kambi, Iceworm: makombora 600 yahamishwe kwa reli chini ya barafu. Reli gani itabaki imenyooka kwenye sakafu inayotembea? Kosa lilikuwa la waliochagua mahali, si la mafundi. Tena uhandisi uleule ndio uliotoboa barafu hadi chini kabisa mwaka 1966, karibu mita 1,390, tukapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya miaka elfu nyingi. Na pale hakuhamishwa mtu, ni barafu tupu.

Binti Nanga
Kaka Fundi, "hakuhamishwa mtu" usiiseme tena. Camp Century iliishi kwa Thule: mafuta, chakula, vyuma, vyote vilipita Thule. Na Thule ilikuwa na wenyewe. Mei 1953 Wainughuit, Wainuit wa kaskazini mwa Greenland, wa kijiji cha Uummannaq hapo jirani walipewa siku chache wafungashe kwa sababu Wamarekani walitaka nafasi ya mizinga ya kuzuia ndege. Wakaenda zaidi ya kilomita 100 kaskazini, Qaanaaq, wakaishi kwenye mahema huku nyumba hazijakamilika. Watu wanaokula walrasi na nyangumi, ukiwatoa kwenye maji wanayoyajua umewatoa kwenye ghala lao.

Mshale
Dada, kwa heshima zote, hizo ni familia 27 tu. Sovieti waliwaondoa Wanenets, wenyeji wa asili, wote kwenye visiwa vya Novaya Zemlya huko Aktiki ili walipue mabomu. Tarehe 30 Oktoba 1961 waliangusha moja la karibu megatani 50 (megatani moja ni nguvu ya tani milioni moja za TNT), na hapo walikuwa wamelipunguza: lilisanifiwa kwa megatani 100, wakaondoa urani ya ganda la nje na kuweka madini ya risasi. Lilifungwa parachuti ili ndege iliyolibeba, Tu-95, ipate muda wa kukimbia. Mbona huo upande huugusi? Na ile B-52 ilikuwa ajali ya injini ya kawaida, inatokea popote.

Binti Nanga
"Tu"? Hiyo "tu" ndiyo iliyowahamisha. Ukoo mzima wa wawindaji unakuwa "tu" kwa sababu hauna jeshi? Wanenets nao ni watu, na uovu wa Moscow haumsafishi Washington. Usinitupie mmoja ili nimsahau mwingine.

Na ile ajali hukuisoma. Moto haukuanzia kwenye injini. Mito ya sponji ilisukumiwa chini ya kiti, juu ya tundu la kupasha joto. Baridi ilipozidi, wakafungulia hewa ya moto moja kwa moja kutoka kwenye injini, ikafika bila kupozwa vya kutosha, sponji ikashika moto. Vizima moto vikaisha, moshi ukajaa, umeme ukakatika. Sita kati ya watu saba waliokuwemo wakaokoka. Baruti ya kawaida ndani ya mabomu ikalipuka na plutoni ikatapakaa juu ya barafu ya bahari. Hiyo haitokei popote. Inatokea mahali ulipopeleka mabomu.

Mshale
Barafu ile ilisafishwa, ikapakiwa, ikarudishwa Marekani.

Binti Nanga
Ilikwanguliwa kwa greda na kupakiwa kwenye matangi, ndiyo, na mbio zote zilikuwa za kuwahi kiangazi, maana barafu ya bahari ikiyeyuka mzigo unazama nayo. Meli ya mwisho iliondoka Septemba 1968. Waliofanya kazi ile pamoja na wanajeshi ni vibarua wa Kidenmark, maana Greenland iko chini ya Denmark. Serikali yao ilikuwa inatangaza kwamba nchi haina silaha za nyuklia, huku barua ya waziri mkuu H.C. Hansen ya 1957 ikiwa imewapa Wamarekani ruhusa ya kimyakimya ya kuweka silaha hizo Greenland. Wananchi wameijua 1995.

Mzee wa Meli
Mshale, umetaja Novaya Zemlya ukaishia kwenye bomu. Uchafu wa Sovieti mkubwa uko majini. Nyambizi K-27, yenye vinu viwili vinavyopozwa kwa metali za risasi na bismuthi zilizoyeyushwa, ilipata ajali 1968, ikazamishwa 1982 karibu na visiwa vile kwenye kina cha mita 30 hivi. Kanuni ya kimataifa ya kuzamisha taka kama hizo ilitaka maelfu ya mita.

Ramani Kubwa
Jamani, swali lilikuwa kuhusu kuzuia vita. Hakuna hata mmoja aliyenijibu kuhusu simu kukatika.

Fundi Mvuke
Mkuu, futa kwanza neno la kamera ndipo tuendelee.

Binti Nanga
Na mimi namsubiri Mshale afute "tu". Wakati anafikiri: kinu kiliondolewa Camp Century, lakini maji ya kupozea yenye mionzi yaliachwa, pamoja na dizeli lita 200,000 hivi, kwa kuamini theluji itavifukia milele. Wanasayansi walikokotoa 2016 kwamba karne hii haijaisha, eneo lile linaweza kuanza kuyeyuka zaidi kuliko linavyopata theluji. Mkataba wa 1951 wa kulinda Greenland, uliozipa kambi hizi uhalali, ni wa Marekani na Denmark. Greenland hawakuusaini. Nani anakwenda kuchimbua?