Adenda ya tatu imebadilisha michoro, BOQ haijaguswa: nafanyaje?

pimakwanza
Habari wakuu. Zabuni ilikuwa ifungwe Ijumaa, leo imeingia adenda ya tatu (marekebisho rasmi ya nyaraka za zabuni). Sakafu ya chini imetoka unene wa milimita 150 hadi 175, michoro ya nguzo imetolewa upya, na siku ya kufunga imesogezwa mbele siku 14. BOQ (orodha ya kazi na kiasi chake, ambayo mzabuni huijaza bei) ni ileile ya mwanzo. Nirekebishe kiasi mwenyewe, au nipandishe bei ya kipimo (bei ya kila kipimo kimoja, mfano mita ya ujazo ya zege)? Dhamana ya zabuni benki walishatoa.

mkadiriaji_wa_zamu
Kiasi cha BOQ usikiguse. Wazabuni wote hulinganishwa kwa kiasi kimoja. Ukibadilisha chako, watathmini watakirudisha kilivyokuwa au watasema umekengeuka masharti. Andika swali la ufafanuzi leo, kabla muda wa maswali haujaisha. Taja namba ya mchoro, toleo lake na kipengele cha BOQ kinachogongana nao. Ukiuliza tu "naomba BOQ mpya" utajibiwa "rejea nyaraka".

Wakati unasubiri jibu, angalia aina ya mkataba. Kama kazi itapimwa upya ikishafanyika, zege la ziada litalipwa kwa bei yako ya kipimo, kwa hiyo hakikisha bei hiyo iko sawa, basi. Kama ni bei ya jumla isiyobadilika, mara nyingi upungufu wa BOQ ni mzigo wa mkandarasi, na lazima uubebe ndani ya bei.

Sasa hesabu yenyewe. Sakafu ikiwa na mita za mraba 640, milimita 25 ni mita za ujazo 16 za zege, kutoka 96 hadi 112. Wengi huishia hapo. Kama usawa wa juu wa sakafu haujabadilika, chimbo nalo linashuka milimita 25: mita za ujazo 16 nyingine za udongo wa kuchimba, na ukishachimbuliwa unavimba, kwa hiyo tripu za kuusomba huongezeka zaidi ya hapo. Mbao za pembeni zinapanda kimo. Wavu wa juu wa nondo, kama upo, unataka vikalio (vishikizo vinavyouinua) virefu zaidi. Wingu la marekebisho kwenye mchoro (mstari wa mawimbi unaoonyesha kilichobadilika) huzungushwa penye badiliko tu; athari zake kwenye michoro mingine hakuna atakayekuzungushia.

dhamana_kwanza
Nakubaliana naye, ila mimi ningeanza na benki. Tuseme zabuni inatakiwa iwe hai siku 120 tangu kufungwa na dhamana iendelee siku 28 zaidi: ni siku 148 kuanzia tarehe MPYA. Dhamana yako imepungukiwa siku 14, na upungufu huo kwa kawaida hauponyeki zabuni zikishafunguliwa. Omba barua ya kuongeza muda inayotaja namba ya dhamana ileile, ila soma kwanza maelekezo kwa wazabuni kama barua inakubalika au wanataka dhamana mpya.

Kwenye fomu ya zabuni, kiri kila adenda kwa namba na tarehe yake. Usiandike "adenda zote". Hata ile iliyohamisha tu saa ya kutembelea eneo la kazi, iandike.

pimakwanza
Asanteni. Wasipojibu swali, niambatanishe barua kwamba nimekadiria kwa milimita 175?

mkadiriaji_wa_zamu
Hapana. Adenda tayari ni sehemu ya nyaraka, na ukiikiri umeshasema hivyo. Barua ya dhana zako inaweza kusomwa kama sharti, na zabuni yenye sharti ni rahisi kuitupa.

karatasi_mpya
Nyongeza kuhusu hizo nguzo. Michoro ya zamani ihamishie folda ya "zilizofutwa", usiifute, maana utahitaji kulinganisha. Kila bei uliyopewa na mkandarasi mdogo au muuza nondo, angalia imetaja toleo gani la mchoro. Isiyotaja, mrudishie aithibitishe kwa maandishi.

Wakikuletea kurasa mpya za BOQ, vipengele vya kuchomeka kwa kawaida hupewa namba kama 3.14A ili vingine visihame. Ukiongeza mstari huo kwenye Excel chini kabisa ya sehemu, jumla inaweza isiuhesabu. Jumlisha kila ukurasa upya kwa kikokotoo, kisha ulinganishe na muhtasari.