Naomba ushauri: kufikisha ombi la mama kwa Kiajemi

Mwanafunzi wa Kiajemi: Shikamooni mlionizidi umri. Mama amenituma niwaandikie watu wa Shiraz kwamba anawaalika Zanzibar. Je, baada ya "ke", yaani "kwamba", niandike "miayid" (mnakuja) au "biyayid" (mje)? Sipati usingizi.

Mwalimu Mstaafu: Ni "biyayid". "Goftam ke miayad" ni nilisema kwamba anakuja. "Goftam ke biyayad" ni nilisema aje. Sisi hubadili mwisho wa kitenzi, wao hutanguliza be-, na katika katazo huiondoa wakaweka na-: "goftam ke naravad", nilisema asiende. Hata agizo likiwa la mwaka jana umbo halibadiliki, kama "aje" yetu isivyobadilika. Kitenzi kinachotangulia "ke" ni kipi?

Bi Mkubwa wa Maskati: Mimi nilimwambia jirani yangu, mama mtu mzima kutoka Bandar Abbas, "biya", yaani njoo, akanyamaza. Binti yake ndiye aliyenifundisha kusema "befarmayid", karibu ya heshima. Mkubwa haitwi kama mtoto, wanangu.

Mwanafunzi wa Kiajemi: Ni "dastur dad", katika "madaram dastur dad", mama yangu ameagiza. Kamusi inasema ni kuagiza, na mama ameniagiza kweli, kwa hiyo sioni kosa.

Mwalimu Mstaafu: "Desturi" yetu imetoka katika neno hilo, lakini kwao "dastur dadan" ni kuamuru. Kuomba ni "khahesh kardan", au "khastan", na anayeombwa hutanguliwa na "az", yaani "kutoka kwa". Barua inakwenda kwa nani?

Mwanafunzi wa Kiajemi: Inakwenda kwa wazazi wa mchumba wangu, nami nimekwisha kuituma. Hata hivyo sarufi yake ni sahihi.

Mzee wa Pwani: Neno la ndoa hupelekwa na mshenga. Kijana huyu hana mjomba?

Msomaji Makini: Nina shaka. Mtu anaulizaje leo namna ya kuandika barua aliyokwisha kuituma? Naona kisa kimetungwa ili afanyiwe zoezi la darasani.

Mwanafunzi wa Kiajemi: Sijatunga. Niliandika "biyayid" kwa kubahatisha, kisha hofu ikanileta hapa. Asubuhi hii wamejibu neno moja tu: "chashm".

Mwalimu Mstaafu: Maana yake ni jicho, na hujibiwa anayeomba na anayeamuru vilevile, kwa hiyo halikuonyeshi wameipokeaje barua. Waandikie tena leo, kabla hawajaanza kufunga safari: "Madaram az shoma khahesh mikonad ke tashrif biyavarid", yaani mama yangu anawaomba mje, kwa neno la heshima.