Naombeni ushauri: niingie soko la hisa au nisubiri?

Mchuuzi wa Majengo: Habari zenu wakuu. Nipo Dodoma, nina milioni sita zimelala benki. Nataka hisa DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila usingizi sipati. Niingie?

Babu Nkuhungu: Mjukuu, soko hilo nimeliona likianza. 15 Aprili 1998 kulikuwa na kampuni moja tu, TOL, ya gesi. TBL, ya bia, ikafuata mwaka huohuo. Serikali ilikuwa inauza mashirika yake, ikataka na wananchi tupate chetu. Za benki ya CRDB nilipata kwa shilingi 150 kila hisa mwaka 2009, ninazo mpaka leo. Kijana wangu wa mwisho gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, limemsaidia sana ada.

Viwanja Dom: Nunua kiwanja Ihumwa. Hisa utajenga juu yake?

Mama Kondoa: Hela ni yako mwenyewe? Na unaihitaji lini?

Mchuuzi wa Majengo: Dada, ni ya kikoba. Mimi ni mweka hazina, tunavunja Desemba. Ila faida ikipatikana kila mtu atafurahi. Na kuna kaka tunasali naye, nimeshampa milioni mbili, ananunua kwa akaunti yake halafu atatugawia. Namwamini.

Mama Kondoa: Loh! Mwenye hisa ni yule ambaye jina lake limo kwenye akaunti ya CDS, mfumo unaotunza kumbukumbu za nani ana hisa ngapi. Huyo kaka akifa leo, wanaodai ni warithi wake. Na hisa si hela ya kutoa dirishani: lazima apatikane mnunuzi, kisha malipo yanasubiri siku tatu za kazi. Vodacom waliuza hisa kwa shilingi 850 mwaka 2017, bei ikaja kushuka chini ya hapo. Desemba ingekukuta hapo ungewaambia nini wenzako?

Mpwapwa Kwetu: Wasimamizi, huu uzi ni wa kutunga. Kuna wa Singida ulikuwa hivihivi, kikoba na kaka wa kanisani, mwishoni ikawekwa namba ya huyo kaka tumtumie hela.

Babu Nkuhungu: Kumbe! Na mimi nimeshamwaga historia yote.

Mchuuzi wa Majengo: Sijatunga, na namba ya mtu siweki. Kanipa karatasi kaandika kwa mkono na kusaini.

Mama Kondoa: Ametunga au hajatunga, wapo wanaosoma hapa na yamewakuta. Mdai huyo kaka taarifa ya CDS leo. Mkitaka hisa kweli, kaeni kikao, kisha muulizeni dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji, kuhusu akaunti ya kikundi.

Mchuuzi wa Majengo: Nimempigia huyo kaka. Anasema yupo safarini, mtandao unasumbua. Hivi wanachama niwaambie sasa, au nisubiri arudi Jumatatu?

Mama Kondoa: Sasa hivi. Anza na mwenyekiti.